Chuma Tele, Damu Haba

Nyumbani kwetu upungufu wa damu una tiba ambayo kila mtu anaijua: maini, matembele, maharage, juisi ya rosela, na vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki. Baba alipoanza kuhema kwa kutoka tu kitandani hadi barazani, umri wake umeshapita miaka 70, hakuna aliyetafuta maelezo ya mbali. Alipimwa wingi wa damu, ukakutwa gramu 8, akaandikiwa vidonge. Mwezi uliofuata, gramu 8 zilezile. Vidonge vikaongezwa. Baadaye ikawa gramu 7 na nusu, akaongezewa damu, akapata nafuu ya muda, akarudi kwenye vidonge.

Mimi kazi yangu ni maabara, upande wa damu, katika hospitali iliyo mbali na kwetu. Majibu ya baba nilikuwa nasomewa kwa simu, namba moja tu kila mara, ile ya hemoglobini, yaani wingi wa damu. Nilipopata likizo nikamwomba mama anitolee karatasi zote za FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, alizokuwa amezihifadhi kwenye bahasha ya kaki, nikazipanga mezani kwa tarehe.

Zilikuwa na habari ambayo ile namba moja haikuibeba. Kipimo kiitwacho MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu, kilikuwa kimepita 100 katika kila karatasi. Mtu aliyeishiwa madini ya chuma chembe zake huwa ndogo na zimepauka, MCV inashuka chini ya 80. Za baba zilikuwa kubwa kupita kiasi. Chembe nyeupe hazikuwa na neno, na chembe sahani zilikuwa nyingi kidogo kuliko kawaida. Nikashauri apimwe ferritini, ambayo huonyesha akiba ya chuma mwilini. Majibu yakarudi juu sana. Vitamini B12 na foliki asidi zilikuwa sawa. Kumbe mtu tuliyekuwa tunamlisha chuma asubuhi na jioni hakupungukiwa chuma hata chembe.

Nataka nimtaje mama hapa kabla sijaingia kwenye sayansi yenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba mzigo wa kutoelewa kwetu. Shangazi alikuja kumjulia hali kaka yake, akamtazama alivyokonda, akageuka na kusema mbele ya wageni, "Wifi, ndugu yangu anakula nini humu ndani?" Mama hakujibu. Kesho yake alikwenda sokoni alfajiri akarudi na kilo mbili za maini. Aliyapika kila namna aliyoijua, ya kukaanga, ya mchuzi, ya kusaga, mpaka baba akawa anafumba macho akiona sahani. Mwezi ulipoisha wingi wa damu ulikuwa umeshuka tena, na mama akaanza kuamini kwamba kuna kitu hafanyi sawasawa.

Daktari bingwa wa damu tuliyempata baadaye aliuliza maswali mengi kabla ya kugusa sindano. Je, mzee anakunywa pombe? Amewahi kutumia dawa za kifua kikuu? Swali hilo lina msingi, maana isoniazidi, moja ya dawa za TB, huvuruga vitamini B6 inayohitajika kutengeneza damu, na inaweza kuleta ugonjwa unaofanana na huu. Aliuliza pia kuhusu dawa za kienyeji na kazi yake ya zamani. Baba ni seremala. Amevuta vumbi la mninga na mkongo maisha yake yote, lakini hilo halikuwa jibu. Ndipo daktari akasema itabidi aone uboho, ute wa ndani ya mfupa ambamo damu hutengenezwa.

Uboho huchukuliwa kwenye mfupa wa nyonga, nyuma, mgonjwa akiwa amelala ubavu. Ganzi hupoza ngozi na utando wa mfupa, ila ule mvuto wa sekunde chache uboho unapoingia kwenye bomba la sindano hakuna ganzi inayoufikia. Baba aling'ata shuka, akasema "Yaa Rabbi," basi. Mimi nilikuwa nje ya pazia.

Slaidi niliruhusiwa kuziona. Zile za kwanza, zilizopakwa rangi ya kawaida, zilionyesha chembe changa nyekundu nyingi sana, na hilo lilinishangaza. Kiwanda kilikuwa kinafanya kazi kwa nguvu, sema mali haifiki sokoni. Kisha ikawekwa slaidi ya rangi ya Perls. Rangi hii ilielezwa na Mjerumani Max Perls mwaka 1867 na hadi leo haijapata mpinzani: unachanganya potasiamu ferosianidi na asidi ya hidrokloriki, unaimwaga juu ya slaidi, na popote penye chuma panageuka buluu. Kiini cha chembe unakipaka rangi nyekundu hafifu ili utofautishe.

Nikaweka tone la mafuta, nikashusha lenzi ya mia, nikazungusha skrubu taratibu. Chembe ya kwanza iliyokaa sawa ilikuwa na kiini cha waridi, na kukizunguka, karibu kabisa, palikuwa na vitone vya buluu vimejipanga kwa mduara. Nikasogeza jukwaa. Nyingine. Nikasogeza tena, mbili zimebanana, zote zina pete. Kwa kawaida chembe changa ya damu huwa na kitone kimoja au viwili vya chuma vimetawanyika ovyo. Vikifika vitano na kuendelea, na kuzunguka angalau theluthi ya kiini, chembe hiyo huitwa sideroblasti yenye pete. Katika uboho wa baba zilikuwa zaidi ya nusu. Picha hii ilielezwa kwa wagonjwa wa namna yake na daktari wa Uswidi, Sven-Erik Björkman, mwaka 1956, na kwa miaka mingi ilibaki kuwa picha tu. Watu waliiona pete, wakaipa jina, wakahesabu wagonjwa, lakini hakuna aliyejua inatoka wapi.

Zile pete ni mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya chembe. Ndimo chuma kinamoingizwa kwenye himu, ile sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni. Mitokondria za baba zilikuwa zimeshiba chuma hadi zikavimbiwa, na himu haitoki ya kutosha. Chembe inafia ubohoni kabla ya kukomaa. Swali ni kwa nini.

Jibu lake halikuwa kwenye chuma. Lilikuwa kwenye hatua ya mapema zaidi, ambayo chuoni tuliifundishwa kwa haraka mchana mmoja, tukaijibu kwenye mtihani na kuisahau. Chembe inapotaka kutengeneza protini, hunakili jeni kutoka DNA kwenda RNA. Nakala hiyo ya kwanza haiwezi kutumika ilivyo. Ina vipande vyenye maagizo, viitwavyo eksoni, na baina yake vipande vingine, mara nyingi virefu zaidi, viitwavyo intoni. Intoni lazima zikatwe zitupwe na eksoni ziungwe, ndipo RNA itoke kwenye kiini kwenda kusomwa. Jeni ya globini beta, moja ya protini zinazounda hemoglobini, ni fupi, ina eksoni 3 na intoni 2. Lakini jeni ya distrofini, ile inayolinda misuli, ina eksoni 79 zilizotawanyika katika herufi zaidi ya milioni 2, na RNA inayobaki baada ya kukatwa ina herufi kama 14,000 tu. Kila mkato lazima uangukie kwenye herufi yake. Ukikosea herufi moja, maneno yote yanayofuata yanasomeka vingine.

Kwamba jeni zetu zimekatikatika hivi kuligunduliwa mwaka 1977 na makundi mawili nchini Marekani, la Phillip Sharp huko MIT na la Richard Roberts huko Cold Spring Harbor, wote wakichunguza adenovirusi, aina ya virusi. Walipata tuzo ya Nobeli mwaka 1993. Sehemu ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya waliogundua nani anayekata. Joan Steitz na mwanafunzi wake Michael Lerner, chuo kikuu cha Yale, walitumia damu ya wagonjwa wa lupus. Wagonjwa hao hutengeneza kingamwili zinazoshambulia vitu vya mwili wao wenyewe, na baadhi ya vitu hivyo vilikuwa vifurushi vya RNA ndogo na protini ndani ya kiini. Mwaka 1980 Steitz na wenzake walipendekeza kwamba vifurushi hivyo ndivyo vinavyotambua mahali pa kukata. Sisi wa maabara tunapoandika majibu ya kingamwili dhidi ya Sm, kipimo cha lupus, herufi hizo mbili zinatoka kwenye jina la mgonjwa, Stephanie Smith, ambaye damu yake ndiyo iliyotumika kuitambua protini hiyo. Niliposoma habari hiyo niliacha kuviona vichupa vya sampuli kama namba. Elimu yote hii ilianzia kwa mtu aliyekuwa anaumwa, akakubali kutolewa damu.

Mtambo mzima wa kukata huitwa splaisosomu. Una RNA ndogo tano, U1, U2, U4, U5 na U6, na protini zaidi ya 100 zinazoingia na kutoka kadiri kazi inavyoendelea. Karibu kila intoni huanza na herufi GU na kuishia na AG. U1 hukaa mwanzoni. Kuelekea mwisho wa intoni kuna herufi A moja ambayo itatumika kama ndoana ya mkato wa kwanza, na hapo ndipo U2 hukaa. Protini iitwayo SF3B1, sehemu ya kundi la U2, ndiyo inayolibana eneo hilo na kuhakikisha A iliyochaguliwa ndiyo. Nyingine, U2AF1, huitambua AG ya mwisho. SRSF2 husimama juu ya eksoni yenyewe na kuita wenzake: hapa pana maagizo, msipatupe. Yote hayo hutokea ndani ya kila chembe yenye kiini, wakati wote. Na mwili hautumii mtambo huu kukata kwa namna moja tu. Zaidi ya asilimia 90 ya jeni zetu zenye eksoni nyingi hukatwa kwa namna zaidi ya moja, ndiyo maana jeni zipatazo 20,000 zinatosha kutengeneza protini za ubongo, moyo, ini na ngozi.

Daktari alitaka jeni za uboho wa baba zisomwe. Sampuli ikasafirishwa India, tukasubiri, na familia ikachanga fedha. Majibu yalikuwa mstari mmoja: SF3B1, K700E. Maana yake ni kwamba katika protini hiyo yenye amino asidi (vijenzi vya protini) 1,304, ile ya 700, ambayo ni lisini, imegeuka kuwa asidi ya glutamiki. Chanzo chake ni herufi moja ya DNA, A iliyogeuka kuwa G. Lisini ina chaji chanya, na asidi ya glutamiki ina chaji hasi. Herufi moja, na mkono wa mkataji umehama.

Ugonjwa wenyewe ni mielodisplasia, ambapo uboho hushindwa kukomaza chembe za damu, na hii ya baba ni ile yenye sideroblasti za pete. Mwaka 2011 ndipo watafiti wa Uingereza, na kundi la Seishi Ogawa huko Japani, walipotangaza kwamba wagonjwa wengi wa mielodisplasia wana hitilafu katika jeni za mtambo wa kukata RNA: SF3B1, SRSF2, U2AF1, ZRSR2. Kwa wenye pete, karibu asilimia 80 wana hitilafu ya SF3B1. Jambo lililonigusa ni kwamba mgonjwa mmoja kwa kawaida huwa na mojawapo tu. Chembe yenye mikato miwili iliyoharibika haiishi. Hata SF3B1 yenyewe huharibika katika nakala moja kati ya mbili, na nakala ya pili nzima ndiyo inayoifanya chembe iendelee kupumua.

Jioni moja nilimweleza baba. Nilikuwa na wasiwasi nitaanzia wapi, kwa kuwa alisoma hadi darasa la saba na tangu hapo elimu yake ni mbao. Nikamwambia kuna mahali pa kukata, na huyu SF3B1 ndiye anayeonyesha mahali hapo. Sasa akiwa amebadilika, hukubali herufi A nyingine, iliyo nyuma ya ile sahihi, na mkato unaangukia kwenye AG isiyo yake, herufi kati ya 10 na 30 kabla ya mpaka wa kweli. Kipande cha intoni kinabaki ndani ya maagizo. Baba alinyamaza, akaokota kipande cha ubao kilichokuwa chini ya benchi, akatoa penseli sikioni.

"Fundi msumeno wake ni mkali?" akauliza.

"Mkali, baba. Kukata anakata vizuri."

"Ila amepiga alama inchi moja nje." Akachora mstari, kisha mwingine pembeni yake. "Mguu wa meza unatoka mrefu. Ukiuweka, meza haikai. Mwenye akili anautupa."

Hicho ndicho chembe inachofanya. Ina utaratibu wa kukagua RNA zenye maagizo yaliyovunjika na kuzisagasaga kabla hazijaleta protini mbovu, na RNA nyingi zilizokatwa vibaya na SF3B1 iliyobadilika huishia huko. Kwa hiyo hasara kubwa ni upungufu wa protini ambazo zingetengenezwa. Mojawapo ni ABCB7, inayokaa kwenye ukuta wa mitokondria na kutoa nje malighafi ya chuma na salfa. Ikipungua, chuma kinakwama ndani. Hizo ndizo pete za buluu. Uthibitisho mwingine unatoka kwa watu wanaozaliwa na jeni mbovu ya ABCB7: wao pia hupata upungufu wa damu wenye pete, pamoja na kuyumba wanapotembea.

Kuna kipande kingine, na hiki kilinikalia moyoni kwa sababu ya vidonge. Chembe changa za damu hutoa homoni iitwayo eritroferoni, inayoliambia ini lipunguze hepsidini, na hepsidini ndiyo inayozuia chuma kisiingie kupita kiasi kutoka tumboni. Katika chembe zenye SF3B1 iliyobadilika, RNA ya eritroferoni nayo hukatwa vibaya, lakini kwa bahati mbaya yake toleo linalopatikana bado linafanya kazi, na hutolewa kwa wingi. Mlango wa chuma unabaki wazi. Mgonjwa mwenye chuma cha kutisha mwilini anaendelea kukivuta kutoka kwenye chakula, na sisi tulikuwa tunamwongezea kwa vidonge na maini. Uniti moja ya damu anayoongezewa ina miligramu 200 hadi 250 za chuma, wakati mwili hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku na hauna njia ya kutoa ziada. Chuma hicho huenda kukaa kwenye ini, moyo na kongosho.

Nilirudi kwa mama na karatasi ya majibu. Nilikaa naye jikoni, nikamwambia vidonge vya chuma vimesimamishwa kwa amri ya daktari, na kwamba chakula chake hakikuwa na kosa lolote. Hata kama angempikia baba chakula cha mfalme damu isingepanda, kwa sababu hitilafu iko ndani ya chembe moja ya uboho iliyozaa nyingine nyingi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi niambie na shangazi yako," alisema, "na wewe umwambie kwa mdomo wako." Nilimwambia, siku hiyohiyo, na shangazi alikuja kuomba radhi. Kwangu mimi hilo ni tunda la sayansi kama ilivyo dawa yoyote.

Maswali mengine yalikuja kwa fujo kwenye kikao cha ukoo. Je, amerogwa? Je, sisi watoto tutaurithi? Ni saratani? Niliyajibu kama nilivyoelezwa na daktari na nilivyosoma. Hitilafu hii baba hakuzaliwa nayo. Ilitokea ukubwani, katika seli shina moja ya uboho, kama zinavyotokea hitilafu nyingi kadiri umri unavyosonga. Mbegu alizozalia watoto hazimo katika habari hii, kwa hiyo hatukuhitaji kupimwa. Na ndiyo, mielodisplasia inahesabiwa miongoni mwa saratani za damu. Kaka yangu mkubwa alitaka neno hilo lisitamkwe mbele ya mzee. Baba mwenyewe akasema litamkwe. Nafuu tuliyokuwa nayo, na ni ya kweli, ni kwamba wenye SF3B1 kwa jumla huishi muda mrefu zaidi kuliko wenye aina nyingine za mielodisplasia, na ugonjwa wao hugeuka kuwa leukemia, saratani ya damu iliyo kali zaidi, mara chache zaidi. Shirika la Afya Duniani limeutenga kama aina inayojitegemea katika mpangilio wake wa mwaka 2022.

Lakini si kila hitilafu ya ukataji hutokea ukubwani, na hili niliwaambia pia, kwa sababu tuna ndugu Muscat. Thalasemia ya beta, ugonjwa mwingine wa upungufu wa damu unaosumbua familia nyingi Oman na Ghuba, mara nyingi hutokana na herufi ya 5 ya intoni ya kwanza ya jeni ya globini, G iliyogeuka kuwa C. Hapo wakataji ni wazima ila alama iliyoandikwa kwenye jeni imefifia. Hiyo hurithiwa, na hiyo ndiyo sababu watu huko hupimwa kabla ya ndoa. Wasichanganye na ya baba.

Tangu hapo nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu protini hizi za ukataji, na zinanipa mshangao usiokwisha. PRPF31 na PRPF8 zinatumika katika kila chembe, lakini zikiharibika ni macho yanayozimika pole pole, usiku kwanza. TDP-43 kwenye neva husimama kama mlinzi, ikizuia vipande vya intoni visiingizwe kwenye RNA kimakosa. Ikitoka kwenye kiini na kujikusanya nje, kama ilivyo kwa karibu wagonjwa wote wa ALS, ugonjwa wa kupooza pole pole, vipande hivyo huingia na neva za misuli hufa. SMN ni protini inayokusanya vifurushi vya U vyenyewe, na mtoto akizaliwa bila jeni ya SMN1 misuli yake hulegea. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1995. Binadamu tuna nakala ya akiba, SMN2, lakini herufi moja, C iliyo T, huifanya eksoni ya 7 irukwe mara nyingi. Adrian Krainer na wenzake walitengeneza kipande kifupi cha kubandika kwenye RNA ili eksoni hiyo isirukwe, na dawa hiyo, nusinersen, iliidhinishwa Marekani Desemba 2016. Watoto ambao wasingefika umri wa miaka miwili sasa wanakaa wenyewe, wengine wanatembea. Kwa hiyo ukataji unaweza kurekebishwa. Nililia niliposoma hilo, sioni haya kusema.

Kwa ugonjwa wa baba bado hakuna dawa inayourudisha mkono wa SF3B1 mahali pake. Alianzishiwa sindano za eritropoietini, homoni inayohimiza uboho kutengeneza damu, zikasaidia kwa kipindi kizuri, kisha nguvu yake ikapungua. Ipo luspatercept, sindano ya chini ya ngozi kila wiki tatu, inayosaidia chembe changa zikomae. Iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa kama yeye Aprili 2020, baada ya jaribio ambamo asilimia 38 ya waliopewa walikaa wiki 8 au zaidi bila kuongezewa damu, dhidi ya asilimia 13 ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Bei yake hatuiwezi. Nasema wazi kwamba hilo linaniuma: maarifa yamefika hadi kwenye meza yetu ya chakula, dawa yake haijafika.

Tunachokiweza tunakifanya. Baba anaongezewa damu hemoglobini ikishuka na dalili zikianza, hasubiri namba peke yake. Ukoo una orodha ya wachangiaji, wanaume kila baada ya miezi mitatu na wanawake kila baada ya minne, kama utaratibu wa uchangiaji unavyotaka, na shangazi ndiye anayeisimamia kwa ukali. Rosela anakunywa kwa kuwa anaipenda. Chai anakunywa pamoja na chakula, maana chai hupunguza ufyonzaji wa chuma, jambo ambalo wenye upungufu wa kawaida hukatazwa na yeye linamfaa.

Kazini nimekuwa na tabia moja ambayo wenzangu sasa wameizoea. Mzee akiletwa na FBP yenye hemoglobini ya chini na MCV ya juu, huku karatasi ya mwanzo inaonyesha ameshapewa vidonge vya chuma bila mafanikio, nampigia daktari simu kabla majibu hayajatoka maabara, nashauri ferritini, B12, foliki asidi, na slaidi ya damu itazamwe kwa macho. Rangi ya Perls nayo tumeirudisha. Ilikuwa imeachwa kwa kuwa haiombwi, wakati kemikali zake ni mbili na bei yake ni ndogo. Kila sampuli ya uboho inayokuja kwetu sasa inapakwa, iombwe isiombwe. Zaidi ya mara moja zimeonekana pete, na mgonjwa akapelekwa kwa bingwa badala ya kurudishwa nyumbani na vidonge vingine.

Ferritini ya baba bado iko juu. Ameanzishiwa deferasiroksi ya kutoa chuma, kidonge cha kuyeyusha kwenye maji ambacho anasema ladha yake ni ya chaki, na kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuumiza figo na ini, tunapima vyote viwili kila mwezi. Wiki hii ana miadi. Mama atampeleka, na ile bahasha ya kaki.